Mwongozo wa wiki 26 wa makomando wa SEAL: ni wa bure, lakini usianze na jedwali

Jina lake ni Naval Special Warfare Physical Training Guide. Ni faili la pdf linalotolewa bure na jeshi la majini la Marekani kwa kijana anayetaka kufika Coronado, California, kwenye kozi ya BUD/S inayotoa makomando wa SEAL. Tunaupa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imezama majini, na sababu zake ziko huko chini.

Kabla ya kupakua, jua unamhusu nani. SEAL haimchukui asiye raia wa Marekani. Grini kadi inaweza kukuingiza jeshini, lakini kwenye kikosi hiki haifui dafu. Aliye Tanga, Mombasa au Bukavu anayejiandaa na usaili wa jeshi la nchi yake anaweza kunufaika na sehemu ya mbio na ya viungo, ila asidhani vipimo atakavyokutana navyo ni hivi.

Vipimo vyenyewe vinaitwa PST (Physical Screening Test, yaani mchujo wa uwezo wa mwili), na mpangilio wake haubadilishwi. Unaogelea yadi 500 kwa mtindo wa kifua au wa ubavu, unapumzika dakika 10, unapiga pushapu kwa dakika 2, kisha sitapu kwa dakika 2, unajivuta kwenye bomba, unapumzika tena dakika 10, halafu unakimbia maili moja na nusu. Kiwango cha chini kinachojulikana ni dakika 12 na sekunde 30 majini, pushapu 50, sitapu 50, kujivuta mara 10, na mbio kwa dakika 10 na sekunde 30. Kufikia hapo ni kuruhusiwa kupanga foleni tu. Wanaochaguliwa huwa wamekipita kwa mbali.

Hapa ndipo msomaji wetu anapoanza kukosea: yadi na maili. Yadi 500 ni mita 457. Kwenye bwawa la mita 25 hizo ni safari 18 na mita saba hivi, si 20. Maili moja na nusu ni mita 2,414, yaani mizunguko sita ya uwanja wa mita 400 na hatua kama kumi na tano za nyongeza. Ukisahau hizo hatua, muda wako utakudanganya kwa sekunde tatu au nne kila unapojipima.

Sasa mbio, ambazo ndizo uti wa mgongo wa mwongozo. Kila wiki ina aina tatu za mazoezi, na jedwali limezifupisha kuwa LSD, CHI na INT. (Kifupisho cha kwanza kisikutishe, hakuna dawa za kulevya humu.) LSD ni mwendo mrefu wa polepole, dakika 40 hadi 90, kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza na mwenzako. CHI ni dakika 15 hadi 20 bila kusimama, kwa asilimia 90 hadi 95 ya kasi kubwa unayoweza kuihimili kwa muda huo. Ukimaliza umelala chini, umevuka mpaka. INT ni vipande vya robo maili, kila kimoja kikifuatwa na pumziko.

Hesabu ya vipande ndiyo kito cha faili hili. Chukua muda wako wa karibuni wa maili moja na nusu, ugawe kwa sita, kisha uondoe sekunde 4. Aliyekimbia kwa 10:30 anapata 1:45 kwa robo maili, kwa hiyo vipande vyake ni 1:41. Pumziko ni mara mbili hadi mbili na nusu ya muda wa kukimbia, hivyo kwake ni kati ya 3:22 na 4:12. Anaanza na vipande 4, anaongeza taratibu hadi 10, na akishafika 10 haongezi idadi, anaongeza kasi. Mwenye pupa hufanya kinyume: hukimbia kipande cha kwanza kwa 1:28, cha tano kwa 1:55, halafu hujisifu kwamba ameumia. Zoezi hilo halikumfundisha mwili wake kasi yoyote, limemchosha tu.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Ni kuifanya LSD iwe mashindano. Vijana waliozoea mbio za mtaani huona aibu kukimbia polepole, basi siku ya polepole inakuwa ya kasi ya wastani, na siku ya CHI miguu haina kitu. Baada ya wiki chache huja maumivu ya muundi, mbele ya mguu. Maumivu yaliyotawanyika yanayopungua mwili ukipata moto yanaweza kutulia ukipunguza mbio. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, yanayobaki hata ukiwa umekaa, yanaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Hapo acha kukimbia, umwone daktari, na mazoezi yako ya mapafu uyahamishie bwawani.

Bwawani mwongozo unatumia aina zilezile tatu, na hapo ndipo unapotuangusha. Jedwali linakupa umbali, na limeandikwa kwa mtu anayejua tayari kuogelea kwa ubavu. Kijana wa Pwani anayepiga mbizi tangu utotoni anaweza kuwa hodari baharini na bado mtindo huu ukamshinda, kwa sababu siri yake iko kwenye kuteleza, wala si kwenye nguvu. Unavuta mkono wa mbele, unatoa pumzi uso ukiwa majini, unavuta wa pili, unapiga mkasi wa miguu mara moja, kisha unanyooka kama mshale na kuuacha mwili uende. Wengi hukata huo mtelezo na kuvuta tena mapema. Hesabu mivuto kwenye mita 25. Ikizidi kumi na tano usiongeze umbali, rudi kwenye mtindo. Dakika 12 na sekunde 30 ni sawa na 2:44 kwa kila mita 100, mwendo ambao mtu mwenye mtindo safi huufikia bila kuhema. Lenga 2:11, inayokupa dakika 10. Mwezi mmoja na kocha una thamani kuliko wiki kumi za jedwali.

Onyo moja lisilo na mjadala. Huko BUD/S wanafunzi huogelea mita 50 chini ya maji, na kuna zoezi la kuelea mikono na miguu ikiwa imefungwa. Usiyajaribu peke yako, hata kwenye bwawa la kina cha kifua. Ukivuta pumzi haraka haraka kabla ya kuzama, unafukuza hewa ya kaboni inayoamsha kiu ya kupumua, lakini oksijeni haiongezeki kwa maana. Mwili unaishiwa bila kukuonya, unazimia, na hakuna anayejua.

Viungo vimeelezwa vya kutosha. Siku mbadala, seti nyingi za nusu ya uwezo wako wa juu, kifua kishuke sawasawa, na kwenye bomba mikono inyooke kabisa bila kurusha miguu. Ambaye hafiki mara 5 aanze kwa kujishusha taratibu kutoka juu, sekunde tano kila mara. Mchanga, buti, gogo na mtumbwi wa mpira kichwani, ambavyo ndivyo chakula cha kila siku cha Coronado, hatungevigusa kabla ya wiki ya 16.

Akili haina jedwali la wiki 26. Wiki ya Jehanamu, ile ngumu kuliko zote kwenye BUD/S, huchukua siku tano na nusu na usingizi wa kama saa nne kwa jumla, na anayeshindwa hugonga kengele mara tatu akaondoka. Usijaribu kujizoesha kukesha nyumbani, utaharibu mazoezi na hutapata kinga yoyote. Kinachozoezwa ni mbinu nne wanazofundishwa wanafunzi huko: lengo dogo, kuliona tendo kichwani kabla ya kulifanya, maneno unayojiambia, na pumzi. Kipande cha saba cha INT ni darasa zuri. Usifikirie cha kumi, fikiria kona inayofuata. Kwenye pumziko vuta pumzi kwa sekunde nne, itoe kwa sekunde nne, hadi mabega yashuke.

Kila wiki ya nne fanya PST nzima, kwa mpangilio wake na mapumziko yake. Aliyezoea kukimbia akiwa hajaogelea hushangaa miguu ilivyo mizito baada ya mkasi wa ubavu. Na pushapu zako zihesabiwe na mtu asiyekupenda sana.