Wiki 18 za mazoezi ya marathoni katikati ya msimu wa harusi: tathmini ya kikundi cha kulipia Dar es Salaam

Kuanzia katikati ya Oktoba 2024 hadi siku ya Kilimanjaro Marathon, iliyokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari 2025, nilikuwa mwanachama wa kikundi kimoja cha mazoezi ya marathoni kinachokutana upande wa Oysterbay. Sitakitaja jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia kwa wenzangu waliolipia vikundi vingine. Ada ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwezi, na kwa fedha hiyo mwanachama alipata programu ya wiki iliyotumwa WhatsApp kila Jumatatu, makocha wawili, mazoezi ya pamoja jioni ya Jumatano, na mbio ndefu ya pamoja alfajiri ya Jumapili.

Niseme mapema kwamba naipima huduma hii kwa kipimo cha maisha yangu. Ninafanya kazi ofisini Posta, nina watoto wawili wanaosoma shule ya msingi, nimeolewa katika ukoo usiopitisha mwezi bila shughuli, na msimu ule nilikuwa mhazini wa kamati ya harusi ya shemeji yangu. Fomu ya kujiunga, yenye kurasa mbili, iliniuliza uzito, urefu, majeraha ya zamani, maradhi sugu, saizi ya jezi na hata idadi ya miezi ambayo raba zangu zimetumika. Haikuniuliza ninatoka kazini saa ngapi, wala nani anawaandaa watoto asubuhi.

Kwa upande wa mbio zenyewe, sina lalamiko kubwa. Tulianzia Coco Beach saa 11 kamili alfajiri, tukafuata Toure Drive, tukavuka Daraja la Tanzanite, ambalo tangu lifunguliwe mwaka 2022 limewapa wakimbiaji wa jiji hili zaidi ya kilomita moja ya njia yenye upepo wa bahari, kisha tukashuka kuelekea Feri na kurudi. Mwendo ulikuwa wa polepole kwa makusudi, kiasi cha mtu kuweza kusimulia habari ndefu bila kuhema, na aliyetaka kuonyesha ubabe aliitwa nyuma. Kwa kuwa Dar es Salaam ni tambarare ilhali njia ya Moshi hupanda kuelekea Mweka katika nusu ya pili, miguu ikiwa tayari imechoka, kila baada ya wiki mbili tulipelekwa kwenye miinuko ya Mlimani, Chuo Kikuu. Siku ya mbio, nilipoufikia mlima ule, nilimshukuru kocha kimoyomoyo kwa kila jioni aliyonifanya nipande na kushuka mteremko uleule mara nane.

Kitu nilichokithamini kuliko vyote ni bodaboda ya deli. Kijana mmoja alitufuata kwa pikipiki iliyofungwa deli la buluu nyuma kwa mpira wa tairi, ndani yake mkiwa na maji, tende, ndizi mbivu zilizokatwa vipande na chupa za maji ya chumvi na sukari. Kila baada ya kilomita nne hivi alitangulia, akaegesha, akafungua kifuniko na kuita watu kwa majina. Joto la hapa kuanzia Desemba hadi Februari si la kuchezea: unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, na ifikapo saa 2 asubuhi mwili unapika. Zaidi ya maji, kijana yule alikuwa ulinzi. Mwanamke anayekimbia peke yake gizani anaelewa thamani ya taa ya pikipiki inayomulika mgongoni mwake, na wengi wetu tulilipa ada kwa sababu hiyo zaidi ya programu.

Tatizo ni Jumapili. Aliyeipanga siku hiyo ama hajawahi kualikwa harusi ama huondoka kabla ya chakula. Katika jiji hili sherehe hufanyika usiku wa Jumamosi. Harusi ya shemeji yangu ilikuwa katikati ya Desemba, katika ukumbi mmoja wa Sinza. Kadi ilisema saa 12 jioni, maharusi wakaingia saa 3 kasoro, na chakula kikaruhusiwa saa 5 na dakika 20. Ninaikumbuka dakika hiyo kwa sababu nilikuwa kwenye foleni ya pilau, sahani mkono mmoja, mkono mwingine bahasha ya salio la mpishi, nikihesabu saa zilizobaki kabla simu haijaniamsha kwa ajili ya kilomita 26. Mhazini haondoki mapema. Hufunga hesabu na watu wa ukumbi, wa muziki na wa mapambo. Wifi yangu aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza ninawaza nini, nikamweleza, akacheka hadi akashika meza. “Wifi, Wachaga wenyewe wanakwenda Moshi Desemba kwa basi, wewe utakwenda Februari kwa miguu?”

Nililala saa 8 usiku na sikukimbia. Nilipoomba kwamba wenye shughuli tuwe na mbio ndefu ya alfajiri ya Jumamosi, hata kama ni mara moja kwa mwezi, nilijibiwa kwamba bodaboda ni moja na kikundi ni kimoja. Jibu hilo lilinigharimu. Mara mbili nilikimbia peke yangu Jumamosi, nikizunguka mitaa ileile yenye taa na walinzi hadi mmoja wao akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nyumbani tulikwisha kupatana na mume wangu kwamba asubuhi za Jumapili watoto ni wake na Jumamosi ni wangu, hivyo kila nilipohamisha mbio, na mapatano yalihama, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchoka.

La msiba lilikuwa zito zaidi. Januari tulifiwa na baba mkubwa wa mume wangu huko Temeke, na kwa siku nne sikuvaa raba. Mkwe haulizwi kwa nini yuko jikoni msibani. Nilimwandikia kocha mkuu kwamba nitakosa kilomita 28 za Jumapili. Alijibu kwa pole, kisha akaongeza: “Fidia Jumanne na Jumatano, 14 na 14.” Nikatii. Alhamisi nikafanya mazoezi ya kasi kama programu ilivyotaka, na Ijumaa ugoko wa kushoto ukauma kiasi kwamba ngazi za ofisini nilizishuka upande upande. Nilikosa mazoezi yote kwa siku tisa. Mifupa na kano hukomaa polepole kuliko mapafu na moyo, ndiyo maana mtu hujiona ana pumzi ya kutosha wakati miguu haijawa tayari, na kocha anayelipwa anapaswa kulijua hilo kabla ya mwanafunzi. Kocha wa pili, ambaye ni mama kama mimi, alinipigia simu siku ya tatu. “Dada, hiyo iliyopita achana nayo. Ugoko ukitulia, njoo tukimbie 20 polepole.” Ushauri wa maneno kumi hivi, nao ndio ulionifikisha Moshi.

Hapa sina budi kulinganisha na kikundi cha mchakamchaka cha mtaani kwetu, ambacho ada yake ni shilingi 2,000 kwa wiki na huimba kuliko kinavyokimbia. Kikundi hicho hakiwezi kumfikisha mtu kilomita 42.195, safari zake hazizidi kilomita nane, nazo huishia kwenye supu. Lakini tulipofiwa walikuja Temeke wakiwa na jezi zao, wakaleta rambirambi na kuosha masufuria, na kwenye harusi walikuwa na meza yao. Kwao, kukimbia na kuishi na watu vimo katika daftari moja la michango. Kikundi cha kulipia kina ujuzi ambao wale hawana, ila kinauchukulia ukoo wa mwanachama kama jeraha lisiloandikwa kwenye fomu.

Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 21, nikitembea sehemu ya mlima wa Mweka, na ugoko haukuuma. Kwa kijana asiye na familia, au kwa mtu ambaye ndugu zake wako mikoani, ningesema alipe shilingi 70,000 bila kusita. Kwa mwenye majukumu kama yangu, ningemshauri amtafute kwanza yule kocha wa pili, akubaliane naye kuhusu kupunguza siku za kukimbia kutoka tano hadi nne, na akubaliane na watu wa nyumbani kabla ya kulipa mwezi wa kwanza. Mimi nilifanya kinyume.

Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03, wifi ameacha kunicheka na sasa ananiita Simbu mbele ya wageni, jambo ambalo limenifanya nione haya kujitoa. Fomu ya msimu mpya imenifikia juzi. Kurasa ni zilezile mbili, maswali ni yaleyale, na nafasi ya kueleza shughuli za mtu bado haipo. Kwa hiyo tarehe tatu za harusi, moja ya kitchen party na moja ya ubarikio nimeziandika kwenye mstari wa maradhi sugu.