Ziara ya siku mbili kwa baiskeli kwenye minara ya Kirumi, mto Danube: nyota 4 kati ya 5

Mimi ni mwashi, mawe nimeyashika miaka 19. Nilipojiandikisha kwa ziara hii ya Austria, kutoka Tulln hadi Bacharnsdorf, nilichokuwa nakiwaza ni kuta tu. Mwongozaji wetu yeye alianza na mto.

Pale Tulln alitusimamisha tukiwa tumeupa mnara mgongo, macho kwenye maji. Warumi walikaa upande huu wa kusini. Akatuonyesha kwamba mto wenyewe ndio uliokuwa ukuta, na ngome zilijengwa kuulinda: kikosi hapa, mnara wa walinzi kule, mashua za doria majini, na nyuma yao barabara ya kupitisha askari haraka. Ngome ya Tulln iliitwa Comagena, jina lililotokana na wapanda farasi wa Commagene, nchi iliyokuwa kando ya mto Euphrates. Hilo lilinigusa sana, jina la nchi ya kando ya mto mmoja kuja kukaa kando ya mwingine.

Ndipo akatugeuza. Mnara una umbo la herufi U, tumbo lake limetokeza nje ya mstari wa ukuta, ili askari aliye ndani aweze kumlenga adui aliyejibana chini ya ukuta. Ni wa karne ya 4. Umepona kwa sababu waliokuja baadaye waliendelea kuutumia, hata kuhifadhia chumvi.

Baiskeli zilikuwa nzuri, breki zinashika. Chakula cha mchana Traismauer kilikula saa mbili nzima, na hapo ndipo nyota moja ilipopotea, maana Bacharnsdorf tulipewa dakika 15! Pale kuna mnara wa walinzi wa miaka ya mwisho ya Warumi, umebanana na nyumba ya watu, na kuta zake bado zinampita mtu kimo mara kadhaa. Nilikuwa nimeanza tu kuyakagua mawe ya pembe na jinsi chokaa ilivyoshindiliwa, tukaitwa tuondoke. Mpaka huu wa zamani wa Warumi kando ya Danube, kilomita 600 hivi kupitia Ujerumani, Austria hadi Slovakia, umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2021. Unastahili zaidi ya robo saa.

Ukienda, mwambie mwongozaji tangu asubuhi kwamba chakula kifupishwe. Mimi narudi mwezi wa tano peke yangu, na futi yangu mfukoni.