Ditekta ipi ununue kwa sarafu za zamani kwenye ardhi iliyokwisha kupekuliwa

Hapa Uganda, viwanja vya shule za misheni, vituo vya reli vya Jinja na Soroti, masoko yaliyohamishwa: sehemu kama hizi huwa zimepitiwa na watu wa vyuma chakavu na wenye ditekta, yaani mashine za kutafuta metali ardhini, kabla yako. Sarafu zilizobaki humo mara nyingi haziko chini sana. Zimelala kando ya msumari au chini ya kifuniko cha soda, au zimesimama kwa ukingo, na mashine iliyotangulia ilisikia chuma ikanyamaza. Kwa hiyo unachonunua hapa ni uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu. Kina kinakuja baadaye.

Kama tayari una mashine, ununuzi wa kwanza kabisa ni koili (sahani ya mviringo inayopitishwa juu ya ardhi) ndogo, ya takriban sentimita 15. Koili ya sentimita 28 inayokuja na mashine nyingi huona vitu vitatu au vinne kwa wakati mmoja, na chuma humeza sauti ya sarafu. Ile ndogo huviona kimoja kimoja. Utapoteza sentimita kadhaa za kina, na eneo lile lile litakuchukua muda karibu mara mbili, lakini uwanja uliodhaniwa umekwisha huanza kusema tena. Ununuzi wa pili ni pinpointa ya mkono, kijiti kinacholia kikikaribia kitu ndani ya shimo. Bila hiyo utachimba shimo pana, utaharibu nyasi za watu, na safari ijayo hutaruhusiwa.

Kwa asiye na mashine, mpangilio wetu ni huu.

Ya kwanza: Minelab Equinox 900. Inatumia masafa mengi kwa pamoja (hutuma mawimbi ya aina kadhaa ardhini kwa wakati mmoja), jambo la maana sana kwenye udongo wetu mwekundu wenye changarawe za chuma na kwenye udongo wa volkano wa Kisoro na Elgon, ambako mashine ya masafa mamoja hupiga kelele ovyo au hupoteza kina. Kilichoipa nafasi hii ni boksi lake: koili ya inchi 11 na ya inchi 6 zinakuja pamoja. Anza na kasi ya kurudi tayari kwa sauti inayofuata (recovery speed) kwenye 6 kati ya 8, shusha kiwango cha kukandamiza chuma (iron bias) karibu na sifuri, na usikilize chuma badala ya kukichuja. Ukichuja chuma chote, unachuja pia sarafu iliyo pembeni yake. Bei yake ya nje ni takriban dola 1,000 kabla ya usafiri na ushuru.

Ya pili: Nokta Legend. Nayo ina masafa mengi, na kazi yake kwenye takataka iko karibu sana na ya kwanza kwa pesa kidogo. Hakikisha unapata koili ya sentimita 15. Bila hiyo inashuka nafasi moja.

Ya tatu: XP Deus II. Kwa wepesi wa kutenganisha hatuoni ya kuishinda, na ni nyepesi hata mkono hauchoki jioni. Tumeishusha kwa sababu ya bei yake ya juu, na kwa sababu koili yake ina betri na elektroniki ndani. Ikiharibika, kuipeleka nje kutengenezwa ni gharama nyingine.

Ya nne: Minelab Vanquish 440 au 540. Hizi ni za anayeanza. Masafa mengi yapo, mipangilio ni michache, na zinakubali betri ndogo za AA zinazouzwa kila duka, faida kubwa unapolala mahali pasipo umeme.

Nokta Simplex na Garrett ACE 300 ni mashine nzuri kwa pesa yake kwenye ardhi safi. Kwenye ardhi iliyopekuliwa zitakurudishia yale yale waliotangulia waliyoyasikia.

Usinunue mashine ya dhahabu kwa kazi hii. Nyingi utakazoonyeshwa Kampala zimeletwa kwa ajili ya wachimbaji wa Mubende, Busia na Karamoja. Zile za mapigo (pulse induction, zinazotuma mapigo ya umeme), kama Minelab GPX 5000, hazichuji chuma vizuri, na utachimba misumari siku nzima. GPX pia imeigizwa sana Afrika. Namba ya utambulisho wa mashine (serial number) isiyothibitishwa na mtengenezaji ni sababu ya kutosha kuondoka dukani. Kifaa chenye antena mbili kinachodaiwa kunusa dhahabu umbali wa mita mia ni utapeli mtupu.

Kabla ya kulipa, fanya jaribio hili. Chukua sarafu isiyoshikwa na sumaku na msumari wa inchi tatu. Viweke chini vikiwa vimeachana sentimita 5. Pitisha koili sentimita 10 juu yake kutoka pande nne. Mashine ya kazi hii inakupa sauti safi ya sarafu angalau kutoka pande mbili. Ikinyamaza pande zote, rudisha.

Jua pia unachotafuta, maana sauti zake hazifanani. Senti zenye tundu za Afrika Mashariki na Uganda zilizoanza mwaka 1907 nyingi ni za shaba-nikeli (senti moja za kwanza zilikuwa za alumini), na ndogo zake husikika karibu na karatasi ya bati ya sigara. Ndizo nyingi zilizoachwa, kwa hiyo chimba hata sauti za chini. Senti 10 za shaba nyeusi kuanzia 1921 hupiga juu na wazi. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu. Za 1948 kuendelea hazina kabisa. Kifuniko cha soda kilichooza huiga sarafu nzuri: vuta koili nyuma polepole mpaka kitu kiwe chini ya ncha yake, na kifuniko kitaanza kukwaruza kama chuma.

Nenda baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu. Pita mistari ya kaskazini-kusini, kisha mashariki-magharibi, kila pito likifunika nusu ya lililotangulia.

Ruhusa ni ya mwenye kibanja (anayeikalia ardhi) na mwenye ardhi, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ajue. Bigo bya Mugenyi, Ntusi, Kasubi na maeneo mengine ya kale hayaguswi. Ukiwa na shaka, uliza idara ya makumbusho Kampala kabla ya kutoa pesa. Kaskazini na Luweero, kulikopiganwa vita, ukikuta kitu kinachofanana na kombora au bomu, usikichimbe wala kukisogeza. Weka alama mbali nacho, rudi kwa njia uliyojia, uwaite polisi.