TAHADHARI: Seti za kabureta "Japani mtupu" zinazouzwa Mwanakwerekwe

Assalaam alaikum jamaa zangu. Naandika nina hasira, mniwie radhi. Kuna muuza spea za honda na vespa, yupo pembezoni mwa soko la Mwanakwerekwe. Jina silitaji kwa kuwa suala lishafika kwa sheha, lakini aliyewahi kununua kwake atamjua kwa kauli yake moja: "Hii Japani mtupu."

Ile pikipiki ya Honda CB ya marehemu mzee mnaijua, na mnajua kwa nini siiuzi. Kabureta zake mbili, zile zinazochanganya petroli na hewa ya injini, zikivuja zote. Ukisahau kufunga koki ya tangi usiku, asubuhi unakuta petroli chini. Fundi wangu kaniambia sindano za boya, zinazokata petroli kikombe cha kabureta kikijaa, zimelika na gasketi za vikombe zimekauka, nikatafute seti mbili, yaani pakiti za sindano, gasketi na oringi mpya. Spea za pikipiki ya zamani vile hapa Unguja hazipatikani ovyo, hadi uagize Dar.

Nikaelekezwa kwake na mtu ninayemuheshimu. Nimefika, kanikaribisha vizuri, kanzu safi, kaniuliza hali ya mama. Nikamuonesha kabureta moja niliyoichukua kwenye mfuko. Kaipokea, kafyatua kikombe kwa bisibisi yake ndogo, kachomoa pini ya boya, kalitikisa boya sikioni kusikiliza kama limeingia petroli ndani. Hapo ndipo nilipomuamini, na nani asingemuamini? Tapeli wa kawaida hajui kulitikisa boya. Kisha kainama chini ya meza, katoka na pakiti mbili zimeandikwa Keihin, jina la kampuni ya kabureta ya Japani. Kapasua moja, kaiweka sindano kiganjani, kaimulika kwa tochi ya simu. "Angalia shaba hiyo, shekhe. Hii Japani mtupu. Ya China utaifunga leo, kesho inakumwagia." Kaapa, wallahi kaapa kwa jina la Mungu, na adhana ya alasiri inaadhiniwa! Nikatoa laki na ishirini bila ya kuomba kupunguziwa. Risiti kasema kitabu kimemalizika.

Fundi kazifunga. Siku ya kwanza kavu kabisa, nikafurahi. Baada ya hapo zikaanza kumwaga kuliko mwanzo, petroli inashuka kwenye mpira wa chini wa kabureta zote mbili na kutiririka hadi barazani, na pale barazani jirani yetu anakaanga mandazi kwa jiko la makaa. Mtoto wake ndiye aliyepiga kelele kwamba kunanuka petroli. Tumemwaga mchanga mikono inatutetemeka. Ungeshika moto ule, leo mngekuwa mnasoma habari nyengine.

Fundi kafungua. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, alizoniuzia zimevimba, zimelegea kama tambi zilizolala kwenye maji, hazirudi tena kwenye mfereji wake. Mpira wa kuhimili petroli haufanyi hivyo. Ile "shaba" inayokaliwa na sindano, fundi kaisogezea smaku ikanasa. Shaba hainasi smaku! Ni chuma kilichopakwa rangi, na sindano haikai sawa, kwa hiyo boya linanyanyuka lakini petroli haikatiki. Ikazidi, ikapenya hadi kwenye silinda na kushuka kwenye oili. Oili nzima tumeimwaga, inanuka petroli tupu. Tungeiendesha vile, injini ya mzee ingekufa.

Nimerudi kwake na vitu vyote mkononi. Ati "mali ikishatoka mezani hairudi", na ati fundi wangu ndiye aliyeharibu. Nikamkumbusha kiapo chake, kanigeuzia mgongo akamuhudumia mteja mwengine, kijana wa bodaboda, na pakiti zile zile! Nilipomwambia kijana asinunue, kaniita muhuni mbele ya watu. Mimi. Simu zangu sasa hapokei.

Mtu huyu anyang'anywe leseni. Afikishwe Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, mzigo wake utolewe wote hadharani uchomwe, na pesa za watu azirejeshe moja moja. Anauza moto majumbani mwa watu halafu anasimama safu ya mbele msikitini. Asionewe huruma kwa sababu ana watoto, na sisi tuna watoto.

Mnaotafuta seti: nendeni na smaku mfukoni. Pakiti isiyokuwa na namba ya spea iacheni. Oringi moja ilazeni kwenye petroli usiku kucha kabla ya kufunga, ikivimba rudisheni. Asiyetoa risiti msimpe pesa, hata aape vipi.

Na kama ushanunua kwake na ushafunga, nenda sasa hivi kafunge koki ya tangi, na pikipiki usiilaze ndani ya nyumba.