Kusia au kuatika?

Wengi wetu husema "kupanda" tu, basi. Lakini kusia ni kuweka mbegu ardhini ili iote. Kuatika ni kuhamisha mche uliooteshwa kitaluni.

Karoti isie palepale itakapokulia. Ukiihamisha ikiwa mche, mzizi mkuu hukatika au kujipinda, na utakuja kuvuna karoti yenye miguu miwili. Nyanya ni kinyume chake. Mche ukishatoa majani 4 hadi 6, uatike jioni, jua likipoa, na ufukie shina mpaka karibu na majani ya chini: sehemu iliyofukiwa hutoa mizizi mingine. Kabichi nayo huatikwa. Maharage? Sia tu, kitalu cha nini?

Neno kuatika nalipenda zaidi, ingawa mgongo wangu unapendelea kusia.