HP Ultrium 3000 kwenye Debian: draivu ya kanda katika hewa ya Lamu

Hii ni draivu ya nje ya LTO-5 (kizazi cha tano cha kanda za sumaku za kuhifadhi data), na siku hizi utaipata kwa mkono wa pili. Kanda moja inabeba terabaiti 1.5 bila kubana data, na mwendo wake unafika megabaiti 140 kwa sekunde. Kwa ofisi ya Lamu yenye picha za majumba ya mawe, rekodi za sauti na skani za hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nafasi hiyo ni kubwa. Isitoshe, kanda ikishatolewa na kuwekwa kabatini, virusi haviigusi wala umeme unaokatika hauidhuru. Inunuliwe, ila kwa masharti, maana bakapu ikifeli lawama huangukia draivu hali kosa mara nyingi liko pembeni yake.

Anza na kadi. Draivu inataka kadi ya kawaida ya SAS (njia ya kuunganisha diski na draivu za kanda kwenye seva). Kadi nyingi za RAID, zinazounganisha diski kadhaa kuwa moja, zinajua diski tu. LSI 9200-8e ni chaguo zuri: Debian 12, mfumo wa Linux, inaiendesha kwa kiendeshi cha mpt3sas, na kebo ni ya plagi ya SFF-8088. Jihadhari, Linux nyingine, Red Hat Enterprise Linux 8, iliacha kuitambua kadi hii. Andika `lsscsi -g` uone vifaa vilivyotambuliwa. Ukiona namba ya /dev/sg bila /dev/st0 (jina la draivu ya kanda), andika `modprobe st` kupakia kiendeshi cha kanda. Usipoona chochote, zima vyote, kaza kebo, washa draivu kwanza ndipo seva. Sakinisha pia mt-st, yenye amri ya mt ya kuongoza kanda, kwani mt inayokuja na cpio haina amri zote.

Kosa linalopoteza data nyingi zaidi halina hata ujumbe wa hitilafu. /dev/st0 hurudisha kanda mwanzo kila programu inapoifunga. /dev/nst0 huiacha ilipofika. Skripti yenye tar (amri ya kufunga faili pamoja) tatu mfululizo kwenye st0 itamaliza kwa amani, na kwenye kanda itabaki bakapu ya tatu peke yake. Tumia nst0 siku zote. Bora zaidi, tumia jina refu linaloishia na -nst lililo chini ya /dev/tape/by-id, maana namba zinaweza kubadilika seva ikiwashwa upya.

Kisha kasi, na hapa ndipo draivu nyingi huuawa polepole. Data ikija taratibu, Ultrium 3000 hupunguza mwendo, lakini haishuki chini ya takriban theluthi ya kasi yake kamili. Chini ya hapo kanda husimama, hurudi nyuma, hushika mwendo tena, mara maelfu kwa usiku mmoja. Utasikia: badala ya mvumo mmoja, inakwenda na kukatika. Mtandao wa megabiti 100 hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 12 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka yenye faili ndogondogo haifanyi vizuri zaidi. Kusanya kwanza kwenye SSD ya seva yenyewe, halafu weka bafa (hifadhi ya muda kwenye RAM) katikati:

`tar -b 512 -cf - /srv/picha | mbuffer -m 4G -P 90 -s 256k -o /dev/nst0`

Bafa hujaa hadi asilimia 90 ndipo kanda inaanza kwenda. Hiyo `-b 512` inafanya bloku, yaani vipande vya data vinavyoandikwa kwa mkupuo, za KiB 256. Iandike kwenye jalada la kanda: ukija kusoma kwa bloku ndogo kuliko hizo, mfumo hujibu "Cannot allocate memory", na mtu huenda kununua RAM bure. Kabla ya yote, andika `mt -f /dev/nst0 setblk 0`, ili draivu ikubali bloku za ukubwa wowote.

"Device or resource busy" maana yake programu nyingine imeishika. `fuser -v /dev/nst0` itakuonyesha ni ipi. Ikiwa `mt status` inatoa DR_OPEN, hakuna kanda ndani. WR_PROT ni kile kitufe cha pembeni mwa kanda kimesogezwa.

Taa za mbele nazo zisomwe. Clean ikimetameta, ingiza kanda ya kusafishia, ambayo hutumika kama mara 50 tu. Tape ikimetameta, jaribu kanda nyingine. Drive ikimetameta, tatizo ni la mashine yenyewe. Kwa undani zaidi, `tapeinfo -f /dev/sg2` (weka namba yako) hutoa alama za TapeAlert, maonyo ya draivu yenyewe: 3 hadi 6 ni makosa ya kusoma au kuandika, 20 ni "safisha sasa".

Sharti la mwisho ni hewa. Draivu inavumilia unyevu hadi asilimia 80, na masika kwetu asubuhi hupita hapo. Chumba chenye madirisha wazi upande wa bahari hakifai, kwa sababu chumvi hukaa kwenye kichwa cha kusoma na kuandika. Kiyoyozi, au angalau chumba cha ndani kilichofungwa. Kanda za kuhifadhi miaka zinataka nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50: sanduku lisilopitisha hewa, pakiti za silika, na kipimo cha unyevu ndani yake. Nakala ya pili ipelekwe bara. Kwenye mashua ya Mokowe sanduku likae kivulini, si juu ya sitaha, na likifika kanda zipumzike saa 24 kwenye chumba kipya kabla ya kuingizwa kwenye draivu.