Kipimo cha vinasaba kwa anayedai damu ya mtemi: kipi ununue, kipi uache

FamilyTreeDNA, kampuni ya Marekani ya vipimo vya ukoo, huuza vipimo vitatu, na anayetafuta ukoo wa kitemi Usukuma hukimbilia kile kinachomfaa kidogo kuliko vyote: kromosomu Y, inayopita kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume.

Katika tawala nyingi za huku, kabla mambo hayajabadilika enzi za ukoloni, banang'oma, yaani wazee waliomchagua mtemi, hawakumsimika mtoto wa mtemi. Walimchukua mtoto wa dada yake. Kiti kikatoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na kila mrithi akaja na Y ya baba mwingine. Unaweza kuwa kitukuu halali wa mtemi na Y yako isifanane na ya mtemi aliyemfuata. Ng'ambo ya ziwa, kwa Bahinda, ukoo wa watawala wa Karagwe na Ihangiro, enzi ilifuata upande wa baba. Huko hela ya Y haipotei. Ila babu kulima kwenye nyarubanja ya bwana hakumfanyi awe damu yake. Ule ulikuwa upangaji wa ardhi.

Na ile "haki ya usiku wa kwanza" ya makabaila wa Ulaya, ya bwana kulala na bibi arusi wa mtwana wake? Wanahistoria hawajapata sheria yake. Kilichoandikwa Uingereza ni merchet, ada aliyolipa mtwana bintiye akiolewa. Watawala wa huku walieneza damu zaidi kwa wake wengi na masuria. Ukishuku mtoto wa nje ukooni, pima Y za wanaume wawili wa matawi yaliyoachana zamani. Zikitofautiana, uzi umekatika mahali. Nani aliukata, kipimo hakisemi mpaka upate mzao wa kiume wa huyo mshukiwa.

Kipimo cha pili, cha jumla, kinachosoma vinasaba vya pande zote mbili, ni kizuri kwa binamu wa karibu. Babu wa kizazi cha tano nyuma anakuachia wastani wa asilimia 3 tu, na usitarajie kikutenganishie Msukuma na Mnyamwezi.

Kinachofuata mkondo wa utemi ni cha tatu, cha mitokondria: mama huwapa watoto wake wote, ila mabinti pekee huirithisha, hivyo mjomba na mpwa wana moja. Kasoro yake: hubadilika polepole mno. Kufanana kabisa kwaweza kutokana na bibi aliyeishi miaka elfu iliyopita. Kinakanusha vizuri, kinathibitisha vibaya.

Kusugua ni rahisi: usile, usinywe wala kuvuta sigara kabla, kisha zungusha kijiti ndani ya shavu kwa takriban dakika moja. Mabaki ya chakula ndiyo huharibu sampuli. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 inagusa hata usafirishaji, hivyo pita kwanza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa.

Kama utemi ulipitia kwa bibi mzaa baba, usijipime wewe. Mitokondria ya baba haikukufikia. Kijiti mpe shangazi.